Matawi barabarani, mita 128, na kazi halisi ya mifumo janja katika barabara ya Dodoma

Ukishaipita Kintinku kuelekea Manyoni, barabara inaanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo ndipo malori yaliyosheheni yanapoishiwa nguvu. Likikwama moja kwenye kona, utingo huruka chini, huvunja matawi porini na kuyapanga juu ya lami nyuma ya gari. Kila dereva wa Tanzania anaijua lugha hiyo: ukikuta majani mabichi barabarani, punguza mwendo, mbele kuna jambo. Ni onyo zuri, halitaki umeme wala mtandao wa simu. Kasoro yake ni umbali. Utingo aliyechoka huweka tawi la kwanza hatua ishirini au thelathini kutoka kwenye lori, na usiku tawi halionekani mpaka taa za gari zilifikie.

Sasa piga hesabu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa linamaliza mita 22 kila sekunde. Wabunifu wa barabara humpa dereva sekunde 2.5 za kuona, kutambua na kupeleka mguu kwenye breki, na hapo zimeshakwenda mita 56. Kusimamisha gari kwa breki za kawaida kwenye barabara tambarare kunataka mita nyingine 72 hivi. Jumla mita 128. Mwendo ukiwa 100, jumla inafika mita 183, na kwenye mteremko inazidi hapo. Tawi lililowekwa mita 25 kutoka kwenye lori linamweleza dereva jambo ambalo hana tena nafasi ya kulifanyia kazi.

Kwa hiyo ninaposikia habari za kamera, rada, vibao vya umeme na vyumba vya kuongozea barabara, vyombo vinavyoitwa kwa jumla mifumo janja, swali langu la kwanza ni hili: chombo hiki kinamwongezea dereva mita ngapi na sekunde ngapi kabla hajafika kwenye hatari? Kisipoongeza, hakijaisaidia barabara, hata kama picha zake ni safi namna gani.

Shida yetu si foleni

Sehemu kubwa ya ujuzi wa fani hii ilizaliwa kwenye barabara zilizojaa magari. Uingereza, kwa mfano, ilianza mwaka 1995 kubadilisha ukomo wa mwendo kwa vibao vya umeme kwenye barabara ya M25, ili magari yaliyobanana yaende kwa mwendo mmoja na yasisimame na kuondoka kila mara. Kati ya Gairo na Singida shida ni nyingine kabisa. Ni barabara ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na juu yake kuna basi la 80, lori linalopanda mlima kwa 15, bodaboda ya 40, mkokoteni wa punda, na jioni kundi la ng'ombe linavuka kurudi zizini. Hatari inatoka kwenye tofauti za mwendo.

Tazama kuovateki. Basi la mita 12 linataka kulipita semi la mita 18, likiacha mita 20 kabla ya kutoka na mita 20 kabla ya kurudi. Linatakiwa kwenda mita 70 zaidi ya lori. Lori likiwa kwenye 40 na basi kwenye 80, kazi hiyo inachukua sekunde 6.3, na kama gari la mbele linakuja kwa 80, zinahitajika mita 280 za barabara tupu. Lori likiwa kwenye 60, sekunde zinapanda hadi 12.6 na mita zinakuwa 560. Madereva wengi hudhani lori la mwendo wa wastani ni rahisi kulipita kwa sababu halichoshi kama la mwendo wa konokono. Hesabu inasema kinyume, na kwenye barabara ya vilima vifupi vifupi mita 560 zilizo wazi hazipatikani kila mahali.

Hakuna kamera inayotibu hilo moja kwa moja. Dawa yake ni njia ya tatu ya kupandia kwenye miinuko. Mfumo janja unaweza kufanya jambo la pili kwa ubora: kuonyesha ni miinuko ipi inayohitaji njia hiyo kwanza, kwa kupima mwendo wa kila aina ya gari saa 24 badala ya kutegemea mtu aliyekaa na daftari kwa siku tatu.

Kuona gari, na yanayoharibika

Chombo cha kale kilichozoeleka ni kitanzi cha waya kilichozikwa kwenye lami. Unakata mfereji mwembamba wa mraba wa mita 2 kwa 2, kina kama sentimita 5, unazungusha waya mara tatu au nne, unaziba kwa lami maalumu. Pembe zikatwe mshazari, kwa sababu waya ukikunjwa kwa kona kali hukatika mapema. Bodi ya gari ikipita juu, mawimbi ya umeme kwenye kitanzi hubadilika na kisanduku kinahesabu gari moja. Weka vitanzi viwili vilivyoachana mita 5 na unapata mwendo: gari la 80 litatoka cha kwanza kwenda cha pili kwa sekunde 0.225.

Ni rahisi na ni sahihi, lakini hakifai mahali tunapokitamani zaidi. Kwenye mpando, lori lenye mzigo linakwenda polepole juani, na lami laini inabonyea kwenye mapito ya matairi. Mfereji unafunguka, maji yanaingia, waya unakatika. Kisha wanakuja wakarabati, wanakwangua tabaka la juu na kuondoka na vitanzi vyote. Ushauri wangu: vitanzi viwekwe sehemu tambarare ambako lami ni nzima, na mlimani itumike rada iliyofungwa juu ya nguzo. Rada haijali ukungu, vumbi wala giza, na iliyo nzuri inatofautisha gari linalotembea na lililosimama kwa umbali wa mita mia kadhaa.

Wapo wanaopendekeza njia ya bei nafuu: kuhesabu magari chini ya mlima na kileleni, na kama moja limeingia halikutoka, king'ora kilie. Chukua kipande cha kilomita 4. Lori zito linalokwenda kwa 15 linakipanda kwa dakika 16, kwa hiyo huwezi kupiga king'ora kabla ya dakika 20 hivi. Mabasi mangapi yatakuwa yameshapita hapo ndani ya dakika 20? Kwa mpando wenye kona, rada inayoona kusimama kwenyewe ndiyo inayostahili fedha.

Kamera ya kusoma namba ina masharti yake. Kwa mwendo wa 80, picha ikichukuliwa kwa 1/200 ya sekunde gari limesogea sentimita 11, na herufi zote zimekuwa ukungu. Kwa 1/1000 limesogea sentimita 2.2, na hapo namba inasomeka, ila mwanga unaoingia ni mdogo, hivyo usiku lazima kuwe na taa ya miale isiyoonekana kwa macho. Na vumbi la Dodoma kati ya Juni na Oktoba linatanda kwenye kioo kama unga. Kama bajeti haina fundi wa kupanda na kufuta kioo kila baada ya wiki mbili katika miezi hiyo, basi kamera hiyo itafanya kazi masika tu.

Tochi, wastani na VTS

Sheria inajulikana: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, yakiwemo mabasi. Tochi ya askari inapima nukta moja. Madereva wanapigiana taa, mguu unapanda kwenye breki, tochi inasoma 48, na baada ya mita mia tano mshale wa spidi umerudi ulikokuwa. Hilo si kosa la askari, ndivyo kipimo cha nukta moja kilivyo.

Kupima wastani kunaufunga mlango huo. Kamera mbili, tuseme zimeachana kilomita 12, zinasoma namba na saa. Kwa 80 kamili, gari linatumia dakika 9. Lililotumia dakika 7 na sekunde 12 limekwenda kwa wastani wa 100, na kufunga breki mbele ya kamera hakulisaidii kitu. Masharti ni mawili. Umbali upimwe ardhini na mtu mwenye cheti cha vipimo, kwa njia fupi kuliko zote ambayo gari linaweza kupita, ili kosa lolote limpendelee dereva. Na saa za kamera zote mbili zichukue muda kutoka kwenye setilaiti. Saa moja ikipotea kwa sekunde 5 katika dakika 9, kosa ni chini ya asilimia 1. Ikipotea kwa dakika nzima kwa sababu betri iliisha na mtu akairekebisha kwa kuangalia simu yake, unamwadhibu asiye na kosa na kesi inaanguka.

Kwa mabasi ya mikoani tayari tunao mfumo wa ufuatiliaji wa magari, VTS, wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ambao unaona mwendo wa basi kupitia kifaa kilichofungwa ndani yake, pamoja na kitufe cha kumtambua dereva aliye kwenye usukani. Binafsi naona hiki ndicho chombo chenye thamani kubwa kuliko vyote katika barabara hii, kwa sababu kinalifuata basi njia nzima. Yanayoharibika yanajulikana: waya wa umeme kuchomolewa, antena kufunikwa, dereva kutumia kitufe cha mwenzake, na maeneo yasiyo na mtandao. Hilo la mwisho halipaswi kuwa udhuru. Kifaa kizuri huhifadhi kumbukumbu na kuzituma mtandao unaporudi, kwa hiyo pengo la kweli huonekana tofauti na pengo la mtandao. Basi lililokuwa na taarifa kabla ya Manyoni, likanyamaza, kisha likaibuka Singida bila kumbukumbu za katikati, limezimwa kwa mkono. Msimamizi aulize siku hiyohiyo, dereva akiwa bado anaikumbuka safari.

Kibao na maneno yake

Hapa ndipo miradi mingi hukosea, na kosa ni la lugha. Kibao cha umeme chenye herufi za sentimita 45 kinasomeka kuanzia mita 270 hivi. Kwa mwendo wa 80 hizo ni sekunde 12, na mbili tatu za mwisho zinapotea kwa sababu kibao kimeshakuwa juu ya kichwa. Zimebaki kama tisa, ambazo dereva anazigawa kati ya kibao, barabara na vioo.

Sasa soma hiki: TAHADHARI KUMETOKEA AJALI ENEO LA MLIMANI ENDESHA KWA UANGALIFU ASANTE. Dereva ameshapita, hajui ni wapi wala afanye nini. Kinachotakiwa ni mistari mitatu:

LORI LIMEKWAMA
KM 2 MBELE
MWENDO 30

Kimetajwa kitu, umbali na kitendo. Angalia pia urefu: LORI LIMEKWAMA ni nafasi 14 pamoja na ile iliyo wazi katikati, MAJI BARABARANI ni 15. Vipo vibao vinavyouzwa vikiwa vimepangwa kwa lugha zenye maneno mafupi, nafasi 12 kwa mstari. Ukivinunua hivyo utaishia kukata maneno, na neno la Kiswahili lililokatwa halieleweki, maana kiini cha habari mara nyingi kiko katikati ya kitenzi. Agiza nafasi 16 au zaidi, na uandike sharti hilo kwenye zabuni.

Jua nalo. Anayetoka Dodoma kwenda Morogoro saa 1 asubuhi anatazama mashariki, na kibao kinakuwa na jua nyuma yake. Kiwekewe paji pana jeusi kuzunguka maandishi, na mwanga wake upande wenyewe mchana na kushuka usiku. Kibao kinachowaka usiku kwa nguvu ya mchana humpofusha dereva kwa sekunde kadhaa, na punda asiye na taa yuko palepale gizani.

Maji yanayokuja chini ya mbingu safi

Makorongo ya Dodoma hukaa makavu mwezi baada ya mwezi, mchanga mtupu, watoto wanacheza humo. Kati ya Desemba na Aprili mvua ikinyesha vilimani, maji huteremka yakakuta dereva mahali ambapo hapajadondoka hata tone. Maji ya sentimita 30 yanatosha kulielesha gari dogo, na ya sentimita 60 husomba magari mengi. Usiku dereva haoni kina, anaona kitu kinachong'aa kama lami iliyolowa.

Kihisi cha kina kifungwe upande wa juu wa korongo, maji yanakotoka, si kwenye daraja lenyewe. Maji yanayokwenda mita 2 hadi 3 kwa sekunde yatachukua dakika 17 hadi 25 kufika kilomita 3 chini, na dakika hizo ndizo tunazozitafuta. Tumia rada ndogo inayotazama maji kutoka juu. Kihisi cha kuzamishwa hufukiwa na mchanga katika mafuriko ya kwanza na kuanza kuripoti kina cha mchanga. Weka ngazi mbili za taarifa: ya kwanza inampigia simu mhandisi na askari, ya pili inawasha taa nyekundu pande zote za korongo bila kumsubiri mtu yeyote, kwa kuwa saa 8 usiku simu hupokelewa kwa kuchelewa.

Machi 2020 barabara ilipokatika Kiyegeya, mkoani Morogoro, ilionekana wazi kwamba onyo la kilomita 2 halitoshi kwa jambo la namna hiyo. Semi halina pa kugeuzia kwenye tuta jembamba. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni karibu kilomita 260. Kuzunguka kwa Iringa na Mtera ni zaidi ya 550. Uamuzi huo unafanyika Morogoro mjini na si kwingine, kwa hiyo kibao kinachoeleza hali ya barabara ya Dodoma kinatakiwa kuwa kabla ya njia panda ya Morogoro. Lori likishapita hapo, msaada unaobaki ni kulisimamisha mahali penye maji, chakula na eneo la kuegesha.

Kuhusu mizani nitapita haraka. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayotumika kwetu tangu Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari lote na tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne. Ekseli ya tani 12 inaiumiza lami karibu mara mbili ya ile ya tani 10, maana madhara hupanda kwa kipeo cha nne. Mizani ya kupimia gari likiwa kwenye mwendo haifai kutoza faini, inakosea sana kwa kazi hiyo, lakini inachuja vizuri. Lori moja likichukua dakika 3 kwenye mizani ya kusimama, kituo kinahudumia 20 kwa saa. Yakija 60, yaliyobaki yanapanga foleni hadi barabarani, na foleni ya malori yasiyo na taa ni ajali inayosubiri usiku. Ukiyachuja ukasimamisha moja katika kila matano, yanabaki 12 na barabara inakuwa wazi.

Umeme, udongo na mtu wa zamu

Rada, kamera na modemu vikila wati 25, kwa siku ni wati-saa 600. Jua la hapa ni la kutosha: paneli ya wati 200 inabeba mzigo huo hata ikiwa na vumbi kiasi. Kwa siku tatu za mawingu unahitaji wati-saa 1,800, yaani betri za asidi za volti 12 zenye saa-ampea (Ah) 300 ukizitumia nusu tu ili zisife mapema. Zifungwe juu ya nguzo na si kwenye sanduku chini, kwa sababu ya joto, mchwa na wezi. Matundu ya nyaya yazibwe, la sivyo nyigu watajenga ndani kabla mwaka haujaisha.

Kwenye mbuga za Bahi na Kintinku, udongo mweusi huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Msingi mfupi wa nguzo unacheza nao. Nguzo ikiinama nyuzi 2 tu, kamera inayotazama umbali wa mita 30 inahama mita moja nzima, theluthi ya njia. Msingi uchimbwe kupita tabaka linalovimba, na baada ya kila masika fundi akague mwelekeo wa kamera, hata kama picha inaonekana nzuri.

Kisha kuna chumba chenye skrini. Rada itaona ng'ombe, itaona mbuzi, itaona mtu aliyesimama kununua karanga. King'ora kikilia bure mara kumi kwa zamu, mhudumu hukizima sauti, na cha kumi na moja ndicho cha lori. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza iwe ya kurekebisha vipimo, kila kengele ya uongo iandikwe na sababu yake, na mkandarasi asilipwe salio kabla ya kazi hiyo. Mezani pawe na karatasi moja: nani anapigiwa, kwa namba gani, gari la kuvuta lenye uwezo wa semi liko wapi usiku huu.

Na siku ya makabidhiano lifanyike jaribio lenyewe. Usiku, trafiki wakiwa wamefunga kipande cha barabara pande zote, lori lipandishwe mlimani na lizimwe kwenye kona mbaya kuliko zote. Mtu mmoja asimame karibu nalo, mwingine chini ya kibao kilicho kilomita 2 nyuma, wote wakiwa na saa zilizolinganishwa. Ziandikwe sekunde kutoka matairi yaliposimama hadi maandishi yalipowaka. Basi la 80 linakula kilomita hizo 2 kwa sekunde 90. Maandishi yakichelewa kwa sekunde 90, basi lililopita chini ya kibao wakati lori linazimika limeshafika kwenye lori, na dereva wake hajasoma neno hata moja. Lisogezwe kona nyingine, lirudiwe mara tano, moja kati ya hizo mvua ikinyesha.